Mwanga wa Juu ni wa Nani?

Kila mwisho wa mwezi natumiwa fomu. Ina maswali mengi ya hesabu: vijana wangapi wamehudhuria, wasichana wangapi, wavulana wangapi, mikutano mingapi. Hayo hayanisumbui, najumlisha tu kwenye daftari. Linalonisumbua ni sanduku la mwisho, chini kabisa ya ukurasa. Juu yake pameandikwa neno moja la Kiingereza: "Highlights". Chini yake kuna mistari mitatu.

Sisi tunaofanya kazi na vijana hapa Mutanga Sud tunalitamka "hailaiti". Wenzangu waliosoma kwa Kifaransa wanasema "temps forts", yaani nyakati zenye nguvu. Mwanzoni niliona ni jambo dogo: andika mambo mazuri matatu, tuma, nenda nyumbani. Nimeandika hailaiti namna hiyo kwa miaka miwili. Halafu msichana mmoja akaniuliza swali, na tangu siku ile hiyo mistari mitatu imekuwa mirefu kuliko fomu nzima.

Swali lake nitalifikia. Kwanza neno lenyewe, maana nililitafuta.

Nilidhani hailaiti ni neno la mlima, kitu cha juu, kilele. Kumbe hapana, ni neno la wachoraji. Waingereza walianza kulitumia katika karne ya 17, wakiongea juu ya picha: "mwanga wa juu" ni ile sehemu ya picha inayong'aa kuliko zote, pale mwanga unapogonga paji la uso, ukingo wa kikombe, mboni ya jicho. Ilipofika katikati ya karne ya 19 watu wakaanza kulitumia kwa mambo ya maisha: tukio lililong'aa, siku iliyozidi nyingine. Leo liko kwenye mpira, kwenye saluni ya nywele, na kwenye ripoti zetu.

Sasa, kwenye kundi letu la Jumamosi kuna kijana anayechora. Anachora sura za watu kwa penseli na vipande vya makaa, kwenye karatasi yoyote anayopata. Nilimweleza habari ya neno hili, akacheka. Akasema, "Yaya, lakini mwanga hauchorwi." Nikamuuliza kivipi. Akachukua karatasi, akaanza kuchora jicho. Akatia weusi wa mboni, akatia kivuli chini ya kope, akatia kivuli pembeni ya pua. Katikati ya ule weusi akaacha kitone kidogo bila kukigusa. Jicho likaamka, likaniangalia. "Ona," akasema, "pale sijafanya kitu. Hiyo ni karatasi tu. Kazi yote nimeifanya gizani."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Kazi yote ameifanya gizani. Maana yake, kama angeniletea kile kitone cheupe peke yake, bila weusi unaokizunguka, angekuwa ameniletea karatasi tupu. Nikafikiria fomu yangu, miezi ishirini na zaidi ya vitone vyeupe. Je, nilikuwa natuma picha, au karatasi tupu?

Maneno mengine ya kilele yana siri hiyo hiyo. Waingereza wana neno "climax". Linatoka kwenye Kigiriki, na kwa Kigiriki maana yake ni ngazi. Ngazi nzima, kuanzia chini. Watu walipozoea kulitumia wakalisogeza mpaka likabaki na ncha ya juu tu, miguu ya ngazi ikasahauliwa. Wana pia neno "zenith", la pale juu kabisa angani. Hilo walilitoa kwenye Kiarabu, "samt ar-ras", yaani njia ya juu ya kichwa, na waandishi wa Ulaya wa zamani wakalinakili vibaya mpaka likawa hivyo lilivyo. Sisi hatuhitaji kulikopa, tunasema jua liko utosini. Hapa Bujumbura jua linakaa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, kabla kidogo ya katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Toka nje saa sita mchana siku hizo utafute kivuli chako. Hukioni. Lakini hakijafa, umekikanyaga.

Basi, nirudi kwa msichana.

Ni kijana mwenzangu kwa umri, ana mtoto mmoja, alivuka kutoka ng'ambo. Alisoma kushona kwa miezi sita, akamaliza, akapewa cheti. Siku ya vyeti nilikuwepo. Alivaa kitenge alichoshona mwenyewe, akapigwa picha akitabasamu ameshika cheti kifuani. Mimi nikaandika kwenye mstari wa kwanza: msichana aliyefika bila kitu leo ni fundi cherehani anayejitegemea. Nilijisikia vizuri kuandika. Baada ya muda picha ile ikachapishwa kwenye karatasi kubwa, na maneno yangu chini yake, yamefupishwa.

Akaiona. Akanijia taratibu, hakuwa na hasira. Akaniuliza, "Yaya, ile siku uliyoandika, nani alikwambia ndiyo siku yangu kubwa?"

Nikamwambia, si ulikuwa unafurahi? Picha inaonyesha.

Akasema alifurahi, ndiyo, aliambiwa acheke naye akacheka. Lakini cherehani zilikuwa za chuo, zilibaki chuoni. Yeye alirudi nyumbani na karatasi. Tangu siku ile hajashona hata kifungo cha mtu kwa pesa, anafua nguo kwenye nyumba za watu huku juu. Majirani walioona picha wanadhani ana pesa, wanakuja kukopa. Ndiyo faida aliyoipata.

Nikamuuliza, basi siku yako kubwa ni ipi? Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani nimekosea kuuliza. Kisha akasema, "Ni ule usiku nilivua viatu."

Wasomaji wengi wa gazeti hili hawahitaji maelezo. Kwa nyinyi mnaofanya kazi na sisi lakini hamjawahi kukimbia, nitaeleza. Mtu aliyekimbia usiku anajifunza kulala na viatu. Mtoto anafungwa mgongoni hata usingizini, viatu vinabaki miguuni. Tabia hiyo haiishi siku unapovuka mpaka. Yeye alilala na viatu karibu mwaka mzima, ndani ya nchi yenye amani, ndani ya chumba chenye mlango. Halafu usiku mmoja alivivua, akaviweka karibu na mlango, akalala mpaka asubuhi. Hakuna aliyempiga picha. Hakukuwa na mgeni wa heshima. Kama kuna mwanga wa juu katika maisha yake, upo pale, na mimi nilikuwa nauelekeza mahali pengine.

Uholanzi, katika mji wa The Hague, kuna picha maarufu iliyochorwa na Johannes Vermeer yapata mwaka 1665. Ni msichana aliyegeuza uso, ana lulu kubwa sikioni. Watu wanasafiri kutoka duniani kote kwenda kuiangalia lulu ile. Mwaka 2020 jumba la makumbusho la Mauritshuis, linaloihifadhi, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa picha hiyo kwa vyombo vya kisasa. Lulu ile ni madoa machache ya rangi nyeupe. Na haina kulabu. Hakuna chochote kinachoishikilia kwenye sikio. Imening'inia hewani.

Kwa Vermeer hilo ni ufundi, jicho letu linaweka kulabu lenyewe. Lakini kwa ripoti ni hatari, maana msomaji wa mbali naye anaweka kulabu mwenyewe. Akisoma "amepata cheti", anaona cherehani, anaona wateja, anaona mtoto anaenda shule. Mimi sikuandika cherehani. Sikusema uongo hata neno moja. Niliacha tu nafasi ya kulabu, nikajua itajazwa. Swali langu ni hili: je, mtu anayesema kweli tupu, lakini anajua msikilizaji ataelewa isivyo, amesema kweli?

Nimelizungusha swali hili sana, na sitaki kulijibu haraka, kwa sababu upande wa pili nao una haki yake.

Upande wa pili ni huu. Aliyeko mbali, anayetoa pesa, anasoma ripoti nyingi. Ana dakika chache. Ukimwandikia giza tu, anachoka, anasema watu wale hawasaidiki. Mwenye mradi anajua hilo, na anayenitumia fomu anajua, na mimi najua. Mistari ile mitatu imelipa madaftari, imelipa chaki, imelipa na mshahara wangu, tusijidanganye. Halafu ipo haki nyingine kubwa zaidi: sisi siyo watu wa huruma tu. Miaka mingi picha ya mkimbizi imekuwa mtoto mwenye nzi machoni. Mtu akitaka kuonyeshwa amesimama, amevaa vizuri, anacheka, ana haki hiyo. Anayesema "onyesheni shida tu ndiyo ukweli" naye anachagua, na yeye pia anakata picha.

Na sisi wenyewe, si tunafanya hivyo hivyo? Piga simu kwa mama aliyebaki nyumbani. "Mnaendeleaje?" "Tuko salama, mama, Mungu anasaidia." Mvua ya usiku imepenya shitingi, godoro limelowa, mtoto anakohoa, lakini tuko salama. Sikia hata salamu zetu. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Hata msibani mtu anaulizwa habari, anajibu nzuri. Mgeni asiyejua lugha atadhani Waswahili ni waongo, au hawana matatizo.

Lakini msikilize Mswahili mpaka mwisho. "Nzuri," anasema. Anavuta pumzi. "Ila..." Na hapo ndipo habari inapoanza: ila mtoto hajalala, ila kazi imekwisha, ila tumefiwa. Ile "nzuri" ni mlango, wala haikuwekwa pale kuficha kitu. Unaanza na mema kwa sababu ya heshima, kwa sababu mtu hamwagiwi mwenzake mzigo akiwa bado amesimama nje. Akishaingia na kukaa, anaambiwa. Mama naye kwenye simu anasikia "tuko salama", anangoja kidogo, kisha anauliza, "Na mtoto, kile kikohozi?" Anajua kuna ila, amekuzaa.

Nadhani hapa ndipo nilipolipata jibu, au kipande chake. Kosa halipo kwenye kutaja mazuri. Kosa ni kutaja mazuri mahali ambapo hapana nafasi ya "ila", kwa mtu ambaye hatauliza kikohozi. Ripoti zangu zilikuwa salamu zilizokatwa. Zilibisha hodi, zikasema nzuri, zikageuka kabla mwenyeji hajafungua mlango.

Kuna jambo la pili, nalo ni chungu zaidi. Mimi nilikulia kambini, najua mahojiano. Ukiitwa kwenye meza ya kupima nani mhitaji zaidi, unafundishwa na majirani: usivae ile nguo nzuri, usitaje kile kijibiashara cha nyanya, usicheke. Pale hailaiti zako zote unazifunika kwa sababu zitakukosesha. Halafu mtu yule yule, mwezi ule ule, anaitwa kwenye meza nyingine, anaambiwa avae ile nguo nzuri, ataje kile kijibiashara, acheke. Asubuhi uwe wa mwisho kwa umaskini, jioni uwe wa kwanza kwa mafanikio. Hakuna meza ambapo unaweza kukaa ukiwa mzima, na mwanga wako na kivuli chako. Mtu akiishi hivyo miaka kumi anaanza kusahau kipi chake kilikuwa cha kweli. Hilo silisemi kumlaumu mtu mmoja. Meza zote mbili zimewekwa na watu wenye nia njema, na kwenye ile ya pili aliyekaa siku hizi ni mimi.

Mutanga Sud iko kwenye mteremko. Jioni ukisimama sehemu iliyo wazi unaona mji wote chini, ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Kongo juu ya Uvira. Jua linazama nyuma ya milima ile. Nimeangalia mara nyingi jinsi linavyoondoka. Kivuli kinaanzia ziwani, kinafika Buyenzi na Bwiza, kinapanda pole pole. Sisi huku bado tunang'aa, na vilima vilivyo nyuma yetu vinang'aa baada yetu. Aliye chini ameshawasha tochi wakati aliye juu bado anaota jua. Mtu akipiga picha ya vilima vile saa hiyo, ataapa kwamba Bujumbura ni mchana. Hatakuwa amedanganya. Vilima vilikuwa na mchana.

Lakini kuna namna nyingine ya mwanga kuwa juu. Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Julius Nyerere alisema juu ya kuwasha mwanga na kuuweka kileleni mwa Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka, mahali penye chuki na kukata tamaa. Nchi ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, ofisa wa jeshi Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge kule juu, mita 5,895. Mwanga ule haukupandishwa ili watu wautazame na kupiga makofi tu. Ulipandishwa ili umulike walio chini na walio ng'ambo. Na wa ng'ambo walikuja kweli: tangu 1972 Warundi kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu hao na watoto wao walipewa uraia. Hiyo ni hailaiti, tena kubwa. Kivuli chake ni miaka 42 ya kungoja, na wazee waliokufa kabla ya karatasi kufika. Ukisimulia 2014 bila 1972, umening'iniza lulu hewani. Ukisimulia 1972 bila 2014, umemchora mtu asiye na kitone jichoni.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kujaza ile mistari mitatu, ninajiuliza mambo matatu. Mwanga huu ni wa nani: ni siku kubwa ya kijana, au ni siku kubwa ya mradi? Kulabu yake iko wapi: nini kinaishikilia kesho, wageni wakishaondoka? Na mwenyewe ameisoma? La tatu ndilo gumu, maana linachelewesha fomu. Inabidi nimtafute mtu, nimsomee, angoje, afikirie, na mara nyingine akatae. Mwezi uliopita nilituma mistari miwili tu. Niliulizwa wa tatu uko wapi. Nikajibu kwamba mwenyewe amekataa. Kulikuwa na ukimya kwenye simu, kisha nikaambiwa, sawa. Dunia haikuanguka.

Kwa wenzangu mnaotuma fomu hizo nina ombi moja dogo. Chini ya sanduku la hailaiti ongezeni mstari mmoja, muuandike "Ila". Mstari mmoja tu. Mtashangaa nini kitaingia pale. Na kwa nyinyi vijana mnaoulizwa siku yenu kubwa: msikubali kuchaguliwa. Kama siku yenu kubwa ni ile mliyovua viatu, semeni. Na kama hamtaki kuisema, hiyo nayo ni mali yenu, kaeni nayo.

Kijana wa makaa amemchora yule msichana. Amemchora akiwa anafua, kichwa kimeinama kidogo, halafu macho yameinuka ghafla kama mtu aliyeitwa. Karibu karatasi yote ni nyeusi, na machoni ameacha vitone viwili.

Kabla ya kuandika makala hii nilimfuata, nikamuuliza kama naweza kuisema habari ya viatu. Akaniuliza itasomwa na nani. Nikamwambia: watu wa kambini, na watu wa mashirika. Akafikiria, akakamua nguo aliyokuwa ameishika, akaianika.

"Andika," akasema. "Jina usiweke, na picha usiweke. Na waambie mashini bado."

Nimeandika.